Namna ya Kuanza Njia ya Bingwa wa Gofu ya Visahani Ukiwa Tanga

Gofu ya visahani huchezwa kwa kurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia juu yake, na anayemaliza makapu yote, kwa kawaida 18, kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kapu hilo lilibuniwa na Ed Headrick wa California, ambaye pia alisanifu uwanja wa kwanza wa kudumu, ule wa Oak Grove wa mwaka 1975. Mwaka uliofuata alianzisha PDGA, chama ambacho hadi leo husimamia kanuni za mchezo na viwango vya wachezaji wa kulipwa. Mwongozo huu nimemwandikia kijana wa Tanga anayetaka kuufanya mchezo huu kuwa kazi yake, pamoja na mzazi au mwalimu atakayesimama naye. Ninaamini kwa dhati kwamba bingwa hutengenezwa karibu na kapu na ndani ya upepo, na kwamba mambo hayo mawili yanaweza kufundishwa kikamilifu katika mji wetu.

Anza kwa kuwasoma mabingwa wenyewe. Ken Climo wa Florida alitwaa ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, kuanzia mwaka 1990 hadi 1998, kisha akaongeza miaka ya 2000, 2002 na 2006, hivyo akafikisha mataji 12. Paul McBeth alishinda miaka minne mfululizo kuanzia 2012, akarudi kileleni mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Kwa upande wa wanawake, Paige Pierce ana mataji matano, na Kristin Tattar, aliyeshinda mwaka 2022 na 2023, anatoka Estonia, nchi ndogo yenye majira marefu ya baridi kali, mbali na Marekani ambako mchezo huu ulizaliwa. Mfano wa Tattar ndio ninaopenda kijana wetu auweke moyoni. Linganisha na habari ya David Wiggins, ambaye mwaka 2016 alirusha kisahani umbali wa mita 338 katika jangwa la Nevada na kuweka rekodi ya dunia: kipaji hicho ni cha ajabu, lakini jina lake halimo katika orodha ya mabingwa wa dunia wa daraja la juu la kulipwa. Nguvu ya mkono humfikisha mchezaji karibu na kapu, naye hubaki na kazi ya kumaliza.

Visahani vya mchezo huu huagizwa kutoka nje, kwa hiyo usinunue vingi kwa tamaa. Vya kuanzia ni aina tatu tu: cha kumalizia, ambacho ukingo wake ni mnene na butu, cha masafa ya kati, na cha masafa marefu kisicho na kasi kubwa. Vile vyenye ukingo mkali uliochongoka, vinavyosifiwa kwa kwenda mbali, huhitaji mkono uliokomaa, na mwanafunzi akivitumia mapema hujifunza kulazimisha nguvu, na bega na kiwiko chake huumia. Kanuni hazitaki kisahani kizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, hivyo chenye kipenyo cha sentimita 21 hakizidi takribani gramu 174. Kwa upepo wa pwani chagua kinachokaribia kikomo hicho, kwa sababu chepesi huyumbishwa ovyo. Fedha itakayobaki itumie kununulia visahani vitano vya kumalizia vilivyo vya aina moja na uzito mmoja.

Kapu la mazoezi linaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea wa Ngamiani bila kuagiza chochote. Mpelekee bomba la chuma la kuwa mlingoti, rimu ya baiskeli ya kuning'inizia minyororo, nondo nyembamba za kusukia kapu, na minyororo ya kutosha tabaka mbili, la nje na la ndani, kwa sababu tabaka moja huacha nafasi ambayo kisahani hupenya na kutokea upande wa pili. Ukingo wa kapu ukae takribani sentimita 82 kutoka ardhini, ili jicho lako lizoee kimo kile kile utakachokikuta mashindanoni. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kulisimika, kwani hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi. Kila siku, kabla hujarusha masafa marefu, simama mita tatu kutoka kwenye kapu na urushe visahani vyako vitano mara mbili. Vikiingia tisa kati ya kumi, rudi nyuma hadi mita tano. Visipoingia, baki hapo hapo hata kama siku nzima itaishia kwenye mita tatu. Kisha mita saba, kisha mita kumi. Mita kumi ni mpaka wenye maana maalumu katika kanuni: ndani ya umbali huo mchezaji hana ruhusa ya kusonga mbele ya alama yake, yaani mahali kisahani chake kilipoangukia, baada ya kuachia kisahani mpaka kwanza aonyeshe kwamba amesimama imara, na asipofanya hivyo huadhibiwa. Zoezi linalofanywa kwa kurukaruka, kwa hiyo, hujenga tabia ambayo mwamuzi ataikataa. Tafuta namna moja ya kusimama, namna moja ya kushika na pumzi moja kabla ya kuachia, usiyabadilishe kila wiki kwa sababu umemwona mchezaji mwingine akifanya tofauti. Wachezaji bora duniani ni nadra sana kukosa ndani ya mita tano, na hali hiyo hutokana na kurudia jambo lile lile kwa uaminifu hata linapochosha.

Andika kila kitu katika daftari: tarehe, umbali, mirusho iliyoingia, na upepo ulitoka wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokufaa zaidi kuliko zote. Sisi tuna kaskazi kuanzia takribani Desemba hadi Machi, na kusi inayotawala katikati ya mwaka. Alfajiri huwa na utulivu, na kadiri jua linavyopanda upepo wa bahari huongezeka. Mtu anayefanya mazoezi alfajiri pekee anajinyima nusu ya elimu. Gawa muda wako: alfajiri kwa kusahihisha mwili, alasiri kwa kujifunza upepo.

Upepo hufanya kazi kwa namna inayoeleweka. Kisahani kinachorushwa kwa mkono wa kulia kwa kuvutwa kutoka upande wa kushoto wa kifua huzunguka kufuata mshale wa saa, na kikipoteza kasi humalizikia kushoto. Ukikirusha dhidi ya upepo, hewa hukipita kwa kasi kubwa zaidi, hivyo huelekea kuinukia kulia na kupanda juu kuliko ulivyokusudia; ukikirusha na upepo mgongoni mwako, hupoteza uelekeo wake mapema, huangukia kushoto na kushuka haraka. Upepo wa ubavuni ukipiga tumbo la kisahani hukiinua na kukichukua, na ukipiga mgongo wake hukikandamiza chini. Kwa hiyo unapomalizia dhidi ya kusi lenga sehemu ya chini ya minyororo, na unapomalizia upepo ukiwa nyuma yako lenga juu. Jifunze pia mrusho wa pembeni, ule wa mkono wa mtu anayerusha jiwe bapa lichupe juu ya maji, ambao watoto wa Raskazone wanao tayari mikononi. Mrusho huo huzungusha kisahani kwa upande wa pili, na kwa sababu hiyo hukupa njia ya kulia pale ambapo mrusho wa kwanza ungekupeleka kushoto.

Shamba la minazi ni uwanja mzuri sana wa kujifunza kupita katikati ya miti, lakini minazi ina mwenyewe. Nenda kwake, mwamkie, mweleze: "Shikamoo mzee, tunaomba kutumia njia za shamba lako jioni, hatutagusa nazi wala mche." Usisimamishe watu chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa upepo ukiwa mkali, na usirushe mpaka mpita njia awe amepita, kwa kuwa kisahani kizito chenye ukingo mkali kinaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Kanuni zilizobaki zisome mapema: una sekunde 30 za kurusha zamu yako inapofika, unasimama nyuma ya alama ya kisahani chako kilipoangukia, na kikitoka nje ya mipaka unaongezewa mrusho mmoja.

Baada ya hapo kuna njia ya kupanda daraja. PDGA humpa kila mwanachama kiwango kinachohesabiwa kutokana na raundi zake katika mashindano yanayotambuliwa, kwa kulinganisha alama zake na za wenzake katika uwanja ule ule. Kiwango cha 1000 ndicho kipimo cha mchezaji mahiri, na wale wanaowania ubingwa wa dunia kwa wanaume hupita hapo kwa mbali. Usikimbilie daraja la kulipwa. Ukipokea zawadi ya fedha unahesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na utashindana na watu wanaoishi kwa mchezo huu. Cheza kwanza na wanafunzi wenzako kwa alama zilizoandikwa na kusainiwa, ili siku ya kusafiri kwenda shindano linalotambuliwa isiwe siku yako ya kwanza kuhesabiwa.

Mwandae kijana pia kwa kushindwa, kwani wakubwa hawakuepuka. Katika fainali ya dunia ya mwaka 2021 huko Ogden, Utah, McBeth alikuwa karibu kabisa na taji, ndipo James Conrad akaingiza kisahani kapuni kutoka takribani mita 75 katika kapu la mwisho, akasawazisha, kisha akashinda katika mchezo wa ziada. Mwaka uliofuata, huko Emporia, McBeth alikabili tena mchezo wa ziada na akautwaa ubingwa.

Kuhusu fedha, mwaka huo huo wa 2021 McBeth alitia saini mkataba wa miaka kumi na Discraft, kampuni ya kutengeneza visahani, wenye thamani ya dola milioni 10. Mkataba wa aina hiyo humfikia mtu aliyekwisha kuwa bingwa mara kadhaa. Wengi wa wanaozunguka na mashindano hulipa nauli na malazi kutokana na zawadi wanazoshinda, kufundisha, na kuuza visahani vyenye majina yao. Mdhamini wa kwanza wa kijana wa Tanga pengine atakuwa mfanyabiashara wa hapa hapa atakayelipia nauli, na hata huyo aandikiane naye: nani analipa tiketi, nani analipa matibabu akiumia, makubaliano yanaisha lini, na kama kijana hajatimiza miaka 18, mzazi wake atie saini.