Ushuru hubadilika Julai Mosi: omba uamuzi wa namba ya bidhaa yako mapema

Mzigo wangu niliulipia Mei. Ulipofika bandari ya Tanga katikati ya Julai, ushuru ulikuwa umeshapanda. Nilidhani nimeonewa, kumbe sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza kiwango cha siku bidhaa inapoingizwa kwa matumizi ya nchini, si cha siku uliyonunua. Sitaki likukute.

Kwanza, ijue namba ya bidhaa yako, maana ndiyo inayoonyesha kiwango cha ushuru. Kila bidhaa ina tarakimu 8 katika kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Nguo za mitumba, kwa mfano, ni 6309.00.00. Tangu Julai 2022 viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35, lakini mitumba na mchele vina viwango vyake maalumu. Kazi hii usimwachie wakala wa forodha peke yake, maana anayelipa ni wewe.

Ukiwa na shaka na namba, omba uamuzi wa awali, yaani jibu la maandishi la forodha kuhusu namba hiyo, kabla ya kuagiza. Andika barua kwa Kamishna wa Forodha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Eleza bidhaa ni nini, imetengenezwa kwa nini, inafanya kazi gani, inatoka nchi gani na unadhani namba yake ni ipi. Ambatanisha picha, katalogi, na sampuli ikiwezekana. Usiandike "vipuri" ukaishia hapo: pampu ya maji na mpira wake wa kuzuia uvujaji vinaweza kuangukia namba tofauti. Jibu la maandishi litunze vizuri, na nakala yake mpe wakala.

Katikati ya Juni bajeti husomwa Dodoma. Tafuta namba yako kwenye viambatisho vya hotuba, kisha ihakiki katika Gazeti rasmi la Jumuiya ya Afrika Mashariki linalotoka kabla ya Julai Mosi, kwani hilo ndilo lenye nguvu ya sheria. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa bidhaa, ambao si ushuru wa forodha, vitazame kwenye Sheria ya Fedha.

Angalia pia kama kiwango chako ni nafuu iliyoombwa na Tanzania. Nafuu hizo kwa kawaida ni za mwaka mmoja, na ndizo zinazofanya namba ileile itozwe tofauti Tanga na Mombasa. Isipotajwa tena Juni, piga hesabu kwa kiwango cha kitabu kabla hujamtumia muuzaji malipo ya awali.