Kugeuza Gemu Kuwa Tamthilia: Kipi Kiguswe, Kipi Kiachwe

Kikundi cha waandishi chipukizi wa Lamu, kiwe mtaa wa Langoni au wa Mkomani, kikiamua kujifunza kuandika tamthilia ya runinga kutokana na gemu, yaani mchezo wa video, ugomvi wa kwanza huwa ule ule. Aliyeicheza gemu mpaka mwisho hataki kiguswe kitu, hata rangi ya koti. Ambaye hajashika pedi ya kuchezea anaona yote yaandikwe upya. Wote wawili wanahesabu matukio, na hapo ndipo wanapokosea. Cha kufuatwa kwa uaminifu ni kile ambacho gemu humfanyia mchezaji: inamtia hofu gani, inampa nini, inamlazimisha kuchagua nini na nini.

Basi anzeni kwa kuicheza mara mbili. Mara ya kwanza chezeni tu. Mara ya pili mmoja acheze na mwingine aandike, daftari likiwa na safu tatu: kilichotokea, mikono ilifanya nini, na moyo ulitaka nini. Andikeni mstari mmoja kila dakika 10. Gemu ya saa 15 itawapa mistari 90, na hiyo ndiyo mali yenu. Wavivu huruka kazi hii wakatazama vile vipande vya sinema vilivyomo ndani ya gemu, wakidhani hadithi yote iko humo. Vipande hivyo vina maneno, lakini havina mikono. Hutaona kwamba mchezaji alikaa dakika 40 akipekua makabati kutafuta risasi mbili, na kwamba uhaba huo ndio uliomfanya aogope kila mlango.

Ukilisoma daftari, safu ya pili itakuwa imejaa kitu kimoja: kupiga, kupiga, kupiga. Hicho ndicho cha kukatwa kwanza. Ndani ya gemu adui wa 60 ni kizuizi tu, kama jiwe njiani. Kwenye runinga kila aliyeuawa ni maiti, na mtazamaji atauliza mbona huyu shujaa anaua watu 60 kisha anakula chakula cha jioni kama kawaida. Punguza vifo, halafu kila kilichobaki kipe uzito wake.

Sasa tafuteni nyumba. Wacheza bao wanaijua: nyumba ni shimo linaloanza na kete 6, huachwa linone, na anayelisafirisha, yaani kuzisambaza kete zake, mapema bila kula cha maana amejichimbia mwenyewe. Kila gemu ina nyumba yake, kitu ambacho ukikivunja hakirudi. Orodhesheni vitu visivyozidi vitano, na kila kimoja kiulizwe: kikitoka hiki, aliyeicheza gemu ataitambua bado?

Mfano ni Halo. Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 2001, askari Master Chief, shujaa wake, hamwonyeshi mchezaji uso wake wote, kwa sababu aliyemo ndani ya kofia ni mchezaji mwenyewe. Tamthilia ya 2022 ilimvua katika sehemu ya kwanza tu. Kuvua si dhambi. Mwigizaji wa saa nyingi anahitaji uso, na kazi ile ilikuwa na matatizo mengine pia kabla ya kukatizwa baada ya misimu miwili. Lakini nyumba ilisafirishwa asubuhi na mapema. Kama ingengoja hadi mwisho wa msimu, siku ambayo kuvua kofia kungemgharimu kitu, wengi wangesamehe.

Kiasi cha kufuata kinategemea gemu ina hadithi kiasi gani. Gemu yenye hadithi nzito ifuateni kwa karibu, kama kituo cha runinga cha HBO kilivyofanya mwaka 2023 na The Last of Us, iliyotoka 2013. Yenye dunia pana na wachezaji wanaojichagulia njia, chukueni dunia mkaache watu: tamthilia ya Fallout ya 2024 ilileta wahusika wapya kabisa, lakini ikabaki na suti ya buluu, kifaa cha mkononi na ule mzaha mchungu wa nyimbo za zamani juu ya magofu. Na yenye hadithi kidogo, kama League of Legends ya 2009, ambayo kimsingi ni timu mbili za watu watano kuvunjiana ngome, inawapa uhuru mkubwa. Arcane ya 2021, tamthilia ya katuni iliyotokana nayo, iliutumia vizuri mno.

Ila hata kufuata kwa karibu si kunakili. Tazama sehemu ya tatu ya The Last of Us. Ndani ya gemu, Bill anaishi peke yake katika mji alioutega mitego. Mwenzake Frank ameshajinyonga na kuacha barua ya chuki, na Bill anamwonya Joel, mhusika mkuu, kwamba kumjali mtu ni kujitafutia kifo. Tamthilia iligeuza karibu yote: Bill na Frank wanaishi pamoja miaka mingi, wanazeeka, wanakufa pamoja, na barua inayomfikia Joel inamtaka amlinde aliye wake. Jibu limepinduliwa, swali ni lile lile: kumpenda mtu kunakuponza au kunakuokoa? Swali hilo ndilo gemu nzima, ndiyo maana mabadiliko makubwa hivyo hayakuvunja kitu.

Kigumu zaidi ni kuhamisha kitufe. Katika gemu hiyo hiyo mchezaji akibonyeza, rangi hufifia na maadui walio nyuma ya ukuta huonekana kama vivuli vyeupe, Joel anasikiliza. Ukiviweka vivuli hivyo kwenye runinga, mtazamaji atajihisi amekaa nyuma ya mtu anayecheza huku yeye akingoja zamu ambayo haiji. Hamisha kusikiliza kwenyewe. Kwa mazoezi ya Mkomani, andika hivi:

Usiku. Chochoro, chini ya wikio, chumba kilichovuka juu ya njia. Saumu amebana mgongo kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Anavua makubadhi, anayashika mkononi. Juu, mtu anakohoa. Saumu anakunja kidole kimoja. Bakora inagonga sakafu, upande tofauti na wa kikohozi. Anakunja cha pili. Punda anapita na shehena ya mchanga. Saumu anajibanza ubavuni mwake na kwenda naye.

Hapo pana nusu ukurasa, yaani kama nusu dakika, kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja. Mtazamaji amehesabu maadui pamoja na Saumu, bila kitufe. Kikohozi na bakora virekodiwe peke yake, mbali na punda. Na kama onyesho linalofuata liko gatini na mtalipiga kwa siku mbili, siku ya pili anzeni kama dakika 50 baadaye, maana kujaa kwa maji huchelewa hivyo kila siku, la sivyo maji yatakuwa yamepanda ngazi katika picha moja na kushuka katika nyingine.

Haya yote ni mazoezi ya daftarini. Kuigeuza gemu ya mtu kuwa tamthilia na kuionyesha hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haimwachi anayesema alikuwa anajaribu tu.

Skripti ikikamilika, wasomeeni watu wawili: mmoja aliyeimaliza gemu, mwingine shangazi wa mtu ambaye hajawahi kuiona. Kufikia ukurasa wa 10 shangazi awe anaweza kusema mhusika anataka nini. Mchezaji naye, akiweza kutabiri kila onyesho, mmenakili. Vile vidokezo vya kuwafurahisha wachezaji, upanga fulani ukutani au jina la duka, viwekwe katika mandhari ya nyuma, viwili au vitatu kwa sehemu moja. Shangazi akisimamisha usomaji kuuliza, “Na huo upanga una nini?”, ukateni.