Fito za zizi zipigilie upande wa ndani

Ukipita vijijini utaona mazizi mengi ambayo fito zake zimepigiliwa upande wa nje wa nguzo, nadhani kwa sababu zinapendeza ukiwa njiani. Ng'ombe hana habari na urembo. Akijikuna au akisukumana na wenzake, fito ya nje inasukumwa mbali na nguzo na misumari inachomoka kidogo kidogo. Ikiwa ndani, kila anapoisukuma anaikandamiza kwenye nguzo.

Kama ni mkaratusi, menya magome siku ileile ya kukata. Ukichelewa yanagandamana, na chini yake ndipo wadudu wanapojificha. Zipange kivulini juu ya mawe kwa wiki kadhaa, maana fito mbichi ikipigwa msumari hupasuka inapokauka. Mlangoni hapahitaji msumari: fito nne za kuchomoa zinatosha, na hakuna bawaba ya kulegea.

Fito iliyooza ncha usiikimbize jikoni. Kata palipooza, inayobaki ifanye uchanja wa vyombo au kichanja cha kuanikia mahindi. Mama yangu bado anaanika masufuria juu ya fito zilizotoka zizini kwa babu.