Namna ya Kupima Kiasi cha Sola Ambacho Laini ya Umeme Inaweza Kupokea: Mwongozo kwa Wapangaji wa Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi wa usambazaji, afisa mipango wa halmashauri na mshauri wa viwanda au mashamba ya mkonge, ambaye ametakiwa kusema ni kilowati ngapi za sola zinaweza kuunganishwa kwenye laini fulani, sehemu gani na kwa masharti gani. Mahali pengi duniani bei ya kununua umeme wa paa ilitangazwa kwanza, na laini zikaja kuchunguzwa baadaye. Hawaii ilipita njia hiyo, na baada ya sola kujaa kwenye laini nyingi, msimamizi wa huduma za umeme alifunga mpango wa kubadilishana uniti kwa uniti (mteja hurudishiwa uniti moja kwa kila uniti aliyoingiza kwenye gridi) kwa waombaji wapya mwezi Oktoba 2015. California nayo, kwa sheria ya 2013, iliyalazimisha makampuni yake makubwa ya umeme kuwasilisha mipango inayoeleza uwezo wa laini zao. Huko nako paa nyingi zilikuwa zimekwisha kuunganishwa. Sisi bado tuna nafasi ya kuanza na laini.

Hatua ya kwanza: chagua laini moja na uifahamu

Usianze na mkoa mzima. Kwa takwimu za mkoa, Tanga haionekani kuwa na shida ya vyanzo, kwa kuwa mto Pangani peke yake unaendesha Hale yenye megawati 21 na New Pangani Falls yenye megawati 68. Lakini mitambo hiyo haikuambii lolote kuhusu nguzo ya mwisho ya Pongwe au Mabokweni, na sola ya paa huleta faida au matatizo yake kwenye nguzo hiyo.

Omba TANESCO mchoro wa laini kuanzia kituo cha kupozea umeme, ukubwa wa kila transfoma na nafasi ya tapu yake (kiungio kinachopandisha au kushusha volti inayotoka), aina na urefu wa waya, pamoja na kumbukumbu za mzigo za kila saa kwa mwaka mzima. Wastani wa mwezi hautakusaidia. Kama kumbukumbu za kila saa hazipo, funga kifaa cha kupimia mwanzoni mwa laini na ukiache kipite misimu yote miwili, kaskazi na kusi. Ni afadhali ripoti ichelewe kuliko kuijenga juu ya makisio.

Hatua ya pili: tafuta mzigo mdogo kabisa wa mchana

Wapangaji wamezoea kutafuta mzigo wa juu, ambao kwetu huja jioni taa zinapowashwa na watu wanapopika. Kwa kazi hii unatafuta kinyume chake, yaani saa ile ya mchana ambayo jua ni kali na watumiaji ni wachache. Angalia kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, hasa siku za Jumapili na sikukuu za Idd viwanda vinapofungwa, na katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ambapo hewa imepoa na viyoyozi vimepumzika.

Tuseme laini yako ina mzigo wa juu wa megawati 4 saa 2 usiku, na Jumapili moja ya Julai saa 7 mchana ilishuka hadi megawati 1.4. Kanuni ya haraka iliyotumika kwa miaka mingi Marekani huruhusu sola hadi asilimia 15 ya mzigo wa juu wa kipande cha laini, ambayo hapa ni kilowati 600. Asili ya kanuni hiyo ni dhana kwamba mzigo mdogo hauwi chini ya asilimia 30 ya mzigo wa juu, kisha nusu ya hapo ikachukuliwa kwa usalama. Aliye na kumbukumbu za kweli za mchana hana haja ya dhana hiyo, kwani kwa laini hii anaweza kuchunguza hadi kilowati 1,400 kabla umeme haujaanza kurudi kituoni. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, si jumla ya paneli, na maombi mengi huja yakiwa yamevichanganya viwili hivyo.

Hatua ya tatu: pima kupanda kwa volti

Hapa ndipo maombi mengi huamuliwa, na ndipo ninaposhauri utumie muda wako mwingi. Laini inaweza kuwa na nafasi kubwa kituoni huku transfoma moja ya mtaani ikiwa haiwezi kupokea hata nyumba tatu.

Kwa umeme wa njia tatu (fezi tatu), kupanda kwa volti kunakadiriwa kwa kuzidisha wati zinazosukumwa kwa ukinzani wa waya, kisha kugawanya kwa volti 400. Kwa njia moja ukinzani huhesabiwa mara mbili, kwa sababu umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na mgawanyo hufanywa kwa volti 230. Chukua waya wa alumini wa kusokotwa wa milimita za mraba 50, wenye ukinzani wa takriban omu 0.64 kwa kilomita, na nyumba iliyo mita 400 kutoka kwenye transfoma ikisukuma kilowati 5. Kwa njia tatu, 5,000 mara 0.256 gawanya kwa 400 ni volti 3.2, yaani asilimia 0.8. Kwa njia moja, 5,000 mara 0.512 gawanya kwa 230 ni volti 11 na ushei, karibu asilimia 4.8. Paneli ni zilezile na waya ni uleule, lakini athari imekuwa mara sita.

Kwa sababu hiyo, sharti la kwanza katika mwongozo wowote wa halmashauri au wa shirika liwe kwamba mfumo unaozidi kilowati chache uunganishwe kwa njia tatu, na mifumo midogo igawanywe sawa kati ya njia hizo. Kisha kagua tapu. Transfoma nyingi za mwisho wa laini huwekewa tapu ya kupandisha volti ili wateja wa mbali wapate umeme wa kutosha jioni, na tapu hiyohiyo ndiyo inayomaliza nafasi ya sola mchana. Kuishusha hatua moja hakuhitaji kifaa kipya, mradi kwanza upime volti ya saa 2 usiku kwa mteja wa mwisho.

Mtu atakuambia kwamba inveta za kisasa zinaweza kushusha volti zenyewe kwa kuvuta vari, ule umeme wa sumaku ambao mota na transfoma huuhitaji bila kuugeuza kuwa kazi. Ni kweli, na kiwango cha IEEE 1547 cha taasisi ya wahandisi wa umeme, kilichorekebishwa 2018, kinazitaka ziwe na uwezo huo. Kwenye laini ya kilovoti 33 msaada wake huonekana. Kwenye waya wa kusokotwa wa mtaani, ambao ukinzani wake umezidi mno kizuizi chake cha sumaku, msaada ni mdogo, na inveta iliyoshughulika na vari hubakiza nafasi ndogo ya wati.

Hatua ya nne: ulinzi na mita

Inveta lazima ijizime gridi inapokatika. Kiwango nilichokitaja kinadai iwe imeacha kusukuma ndani ya sekunde 2, na fundi aliye juu ya nguzo ndiye sababu. Dai pia swichi ya kukatia iliyo nje, inayofikika na kufungika kwa kufuli. Kwa maeneo ya pwani kama Raskazone, andika katika masharti kwamba visanduku na viungio vistahimili chumvi ya bahari.

Mita nayo ichunguzwe. Baadhi ya mita za malipo ya kabla hupima upande mmoja tu, na zikipitishiwa umeme wa kutoka huuhesabu kama uliotumika, hivyo mwenye nyumba akajikuta analipia kwa Luku umeme aliowapa majirani. Mita ya pande mbili ifungwe kabla ya kuwasha mfumo.

Hatua ya tano: linganisha bei na saa

Bei haiamuliwi na mpangaji wa laini, kwani ni kazi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, lakini mpangaji asipoielewa atakadiria vibaya idadi ya waombaji. Kwa bei zilizowekwa 2016, kabla ya kodi, mteja wa D1 (matumizi madogo ya nyumbani) hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, wa T1 (matumizi ya kawaida) hulipa 292, na wa T2 (matumizi makubwa ya volti 400) hulipa 195 pamoja na shilingi 15,004 kwa kila kilova (kVA) ya mahitaji ya juu. Ukibadilishana uniti kwa uniti, atakayekimbilia sola kwanza ni T1. Hoteli iliyo T2 ambayo mahitaji yake ya juu huja saa 2 usiku haitapunguza malipo ya kilova hata kwa shilingi moja bila betri.

Kwa maoni yangu uniti inayotoka nje ilipwe kwa thamani yake kwa saa inayotoka, kama California ilivyofanya kwa waombaji wapya tangu Aprili 2023. Kwetu thamani hiyo ni maji. Sola ikibeba mzigo wa mchana, bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo juu ya mitambo ya Hale na New Pangani Falls kwenye mto huohuo, linaweza kubakiza maji ya jioni, na mto Pangani una wakulima wengi wanaoyadai. Masika bwawa likiwa limejaa na kumwagika, thamani hiyo hushuka, na bei inapaswa kuliona hilo.

Hatua ya sita: weka sola kwenye mizani moja na nguzo

Kabla ya kuomba fedha za transfoma mpya, uliza kama mzigo unaokusumbua ni wa mchana. Kiwanda cha mkonge au mashine za barafu ya samaki zinaweza kusaidiwa na paneli zilizo jirani, ilhali kilele cha jioni kinahitaji betri au kuhamisha matumizi. New York ilianza mwaka 2014 mradi wa takriban dola milioni 200 wa kupunguza mzigo wa wateja huko Brooklyn na Queens ili kuahirisha kituo cha kupozea umeme cha dola bilioni 1.2. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu walijua ni saa zipi laini zao zilizidiwa.

Hatua ya saba: chapisha na urudie

Andaa ramani ya laini inayoonyesha kilowati zilizobaki kwa kila transfoma, na uiweke wazi pamoja na orodha ya maombi kwa tarehe yalivyopokelewa. Mwombaji asiyejenga ndani ya muda uliowekwa aondolewe kwenye orodha, la sivyo nafasi itashikwa na karatasi. Hesabu irudiwe kila mwaka baada ya kusi, na mara moja kila kiwanda kikubwa kinapofungwa au kufunguliwa kwenye laini hiyo.