Lisome Ziwa Kenyatta kabla hujatega wavu

Fika ukingoni kabla jua halijachomoza. Hapa Mpeketoni, Lamu, wengi hushuka ziwani saa mbili, na saa hiyo maji yameshaficha ubaya wake. Mwani, vile vijimea vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, hutoa hewa mchana na kuivuta usiku, kwa hiyo maji hupungukiwa hewa zaidi alfajiri. Simama mbali na njia za viboko, maana ndiyo saa wanayorudi kutoka malishoni.

Tazama samaki wanaopanda juu, ila uwajue. Kamongo hupanda kuvuta pumzi kila siku, ndiyo maumbile yake, na kambare huvumilia maji mabovu. Hao wasikutishe wala wasikupe moyo. Mwenye habari ni perege. Ukiona kundi la perege limetoa midomo juu ya maji linahema, rudi nyumbani na wavu wako. Mwaka mmoja nilidhani ni riziki imejileta, nikatega. Nilipovuta jioni, nusu walishakufa na nyama imelegea, nikawafukia. Hali hiyo huja hasa baada ya siku mbili tatu za mawingu bila upepo, au mvua ya kwanza ya masika ikiteremsha matope na mbolea kutoka mashambani.

Jua likipanda, pima. Chukua kifuniko cheupe cha ndoo, kifunge jiwe chini na kamba juu, kamba uipige fundo kila shubiri. Kishushe upande wa kivuli cha mtumbwi mpaka kisionekane. Maji ya kijani yakikimeza kabla ya shubiri moja, mwani umezidi, hata kama asubuhi hukuona kitu. Kesho alfajiri usikose. Kikienda shubiri moja na nusu hadi mbili, chakula kipo na hewa ipo, tega. Maji ya kahawia yana udongo, usiyahukumu kwa kifuniko.

Ninachokiogopa ni utando wa kijani unaoelea kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Uchote kwa kijiti. Ukining'inia kama nyuzi, ni mwani wa kawaida. Ukikipaka kijiti, yawezekana ni ule wenye sumu: zuia watoto, zuia ng'ombe, na mwambie jirani asichote maji hapo. Kuchemsha hakuondoi sumu yake. Samaki wa maji hayo siwauzi, hata mteja akinisihi.

Mwisho, chomeka mti wenye alama majini uone kina kinavyoshuka. Ukame wa 2017 ulipolikausha ziwa letu, viboko walikwama kwenye matope na wengine wakafa, na sikutamani kuona tena vile. Maji yakipungua, viboko husongamana na kinyesi chao huoza mahali padogo, hewa ikazidi kuisha. Kwa hiyo mti wangu ukionyesha maji yako shubiri tatu chini ya mwaka uliopita, naacha kutega kilindini. Perege waliobaki wamejificha humo, na hao ndio mbegu ziwa likijaa.