Ukikuta bei ya chini baada ya kununua
Ukinunua blenda supamaketi jijini Dar es Salaam, kisha ukaikuta Kariakoo kwa bei ya chini, usijilaumu kabla hujaigeuza hiyo ya Kariakoo na kusoma kibandiko cha kitakoni, kwa maana maboksi yanayofanana huweza kubeba mashine zenye wati tofauti, na jagi la plastiki badala ya la kioo hushusha bei. Wati, namba ya modeli na muda wa waranti vikilingana, rudi ulikonunua ukiwa na boksi lisilofunguliwa na risiti (ipige picha mapema, kwani maandishi yake hufifia), uombe kwa upole kurejeshewa tofauti. Maduka mengi huandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo ni bora suala hilo liulizwe kabla ya kulipa.