Kuchukua ginipigi waliookolewa hapa Mombasa: msome tabia kwanza ndio umlete nyumbani

Hii nawaandikia wale wa Mombasa na pwani kwa jumla ambao mmesikia kuna ginipigi (guinea pig, wale wanyama wadogo wa manyoya) wanatafutiwa nyumba na moyo umeshawaambia chukua, lakini hamjui muanzie wapi. Mara nyingi hawa wanyama wanatoka kwa watu waliohama, ama watoto waliowachoka, ama mtu alinunua wawili akaambiwa wote majike, baada ya miezi michache ana kundi zima kwenye katoni na hana pa kuwaweka. Wakifika kwa anayewaokoa kila mmoja ashajifunza jambo lake kuhusu binadamu, mwingine amejifunza mkono unaleta chakula, mwingine amejifunza mkono unaumiza. Hilo ndilo ntakalolisisitiza kuliko kitu chochote hapa: usichague rangi, chagua tabia, manake manyoya mazuri yatakufurahisha wiki moja lakini tabia utaishi nayo miaka mitano mpaka minane, ndio umri wao wakitunzwa vizuri.

Siku ya kwenda kuwaona

Nenda jioni, baada ya Alasiri, manake wanachangamka sana alfajiri na jua likielekea kuzama, ukienda saa saba mchana utakuta wamejilaza na utadhani wote wapole. Ukifika usikimbilie kushika. Keti chini kabisa, kwenye mkeka ama sakafuni, omba shada la dania ama maganda mabichi ya mahindi, weka karibu nawe alafu nyamaza uangalie. Yuko atakayekuja mbio akupande mpaka mapajani, yuko atakayenyakua akimbie nalo pembeni, na yuko atakayeganda palepale bila kutikisa hata sikio. Kuganda huko ni hofu. Watu wengi wanadhani ni utulivu, wanasema "huyu mpole huyu," wanamchukua kwa ajili ya mtoto mdogo, na mnyama anaishi na woga kila siku kwa sababu mtu alimsoma vibaya siku ya kwanza.

Niwape mfano wa hawa wangu. Kaimati ndio mkubwa wa nyumba, friji ikifunguliwa tu anapiga mluzi mpaka jirani anasikia, Ramadhani saa ya daku hatuhitaji kengele. Achari ana hasira za karibu, hataki kuguswa mgongo hata kidogo, lakini ukimkuna chini ya kidevu anainua kichwa na kufunga macho. Kuna Bibi, mzee, jicho moja halioni, kwa hivyo kila anayeingia humuita kwanza kabla ya kunyoosha mkono asije akashtuka. Alafu kuna Mabuyu, huyu alikuwa amewekwa kwenye ndoo ya plastiki peke yake, na wiki za mwanzo sikuwahi kumuona akila, naona tu asubuhi nyasi zimepungua. Nlikuwa nakaa kando ya boma lake baada ya Isha, simsemeshi, nimeweka jani la dania nusu ndani nusu nje ya kitambaa anachojifichia. Mwanzo jani lilikuwa linavutwa polepole sana, kikonyo kinatetemeka kikiingia ndani. Baadaye ikatoka pua peke yake, masharubu yakagusa kidole changu, akasita, akaendelea kutafuna palepale bila kurudi ndani.

Mabuyu angepelekwa kwenye nyumba yenye watoto watatu na tivi ya sauti kubwa asingetoka mpaka leo. Kaimati angefurahi sana. Kwa hivyo angalia nyumba yako kwa ukweli: kama kuna watoto chukua wale wanaokuja wenyewe, kama unaishi peke yako ama wawili na nyumba imetulia, tafadhali mfikirie yule mwoga ambaye hakuna anayemtaka, kwenu atapata nafasi ambayo kwingine hataipata.

Muulize anayewatoa maswali mengi na usione haya. Alikuwa akila nini, alikuwa na nani, anaogopa nini, dume ama jike na ni nani alithibitisha. Hili la mwisho lina uzito manake jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu, na dume wa wiki tatu inafaa ashatengwa na mamake na dada zake. Jike aliyetoka kwenye kundi la mchanganyiko mchukulie ana mimba mpaka ijulikane hana, mimba yenyewe inakaa kama siku 59 mpaka 72 na watoto wanatoka wana manyoya, macho wazi na wanaanza kudonoa nyasi mapema sana. Jike aliyepita miezi minane bila kuzaa usimuweke na dume kabisa, mifupa ya nyonga inakuwa ishashikana na kuzaa kunaweza kumuua.

Kabla hujaondoka mtazame mwili: macho makavu na angavu, pua haina kamasi, sehemu ya nyuma safi, kucha hazijajikunja, meno ya mbele yamekutana. Akijikuna sana mpaka ngozi imetoka, huenda ni utitiri wa upele, unatibika, daktari atampa dawa kwa kipimo cha uzito wake. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya yanaweza kuwa choa, na hiyo inaambukiza watu, kwa hivyo nawa mikono. Kama nyumbani tayari una wengine, mgeni akae chumba chengine wiki mbili mpaka tatu kwanza.

Joto la Mombasa

Hapa ndipo sisi tuna kazi kubwa kuliko mtu wa Limuru. Asili ya hawa ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, wanastarehe kwenye nyuzi 18 mpaka 24, na hawatoki jasho. Sasa hapa kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, mchana unapita 30 na unyevu juu yake, kwa hivyo boma haliwezi kuwa nje kwenye jua, wala chumba cha mabati, wala balkoni inayopigwa na jua la jioni. Muweke ndani kwenye chumba chenye hewa, chini sakafuni ambapo kuna ubaridi, marumaru ama simiti yafaa sana, wale wenye nyumba za zamani za kuta nene kule Mji wa Kale mmebarikiwa. Feni izungushe hewa ya chumba lakini isimpige moja kwa moja. Jaza chupa za plastiki maji, gandisha, funga na kitambaa umuwekee alale karibu nayo, na weka mbili tatu za akiba kwenye friza manake stima ikipotea saa nane mchana ndio utazihitaji.

Ukimkuta amejinyoosha, anahema kwa mdomo wazi, mate yanamtoka na amelegea, hiyo ni hatari ya dakika si ya masaa. Mtoe mahali penye joto, mpanguse masikio na miguu kwa kitambaa cha maji ya kawaida, usimtie kwenye maji ya barafu, mpe maji anywe kama anaweza na uanze safari ya kwa daktari.

Boma lenyewe kwa wawili liwe angalau futi nne kwa futi mbili na nusu, likizidi ni bora, na vizimba vingi vinavyouzwa madukani ni vidogo kwa hivyo mwambie fundi akuundie. Juu pawe na waya mesh, paka wa mtaani wanaingia madirishani na kunguru wetu mnawajua, ginipigi mtoto kwake ni chakula. Sakafu isiwe ya waya, inaumiza nyayo. Kutandika, tafuta blanketi za flisi za mitumba pale Kongowea, mbili za kubadilisha, unakung'uta na kufua. Maranda ya fundi seremala kuwa nayo makini, mbao zenye harufu kali kama saipresi zinawasumbua mapafu. Na kila mmoja awe na pa kujificha pake, pakiwa na milango miwili, ili mwenye ubabe asimzibie mwenzake ndani.

Chakula

Nyasi, nyasi, nyasi. Karibu asilimia 80 ya anachokula iwe nyasi kavu na wakati wowote ziwepo, manake meno yao hayaachi kukua na ni kutafuna nyasi ndiko kunakoyasugua. Agroveti nyingi zinauza marobota ya nyasi za ng'ombe, ile aina inayoitwa Boma Rhodes ni nzuri, inuse kwanza, ikiwa na uvundo ama vumbi jeupe iache. Hapa pwani unyevu unaozesha haraka kwa hivyo iweke juu ya mbao, isiguse sakafu, na gunia linalopitisha hewa. Ukoka mbichi wanaupenda lakini usikate kando ya barabara ambako mbwa wanakojoa na moshi wa matatu unatua.

Kama sisi binadamu, mwili wao hautengenezi vitamini C, lazima waile kila siku, miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito. Wengi waliookolewa walikuwa wanalishwa pumba tu, ndio unawaona viungo vimevimba, hawataki kutembea, manyoya yamesimama, na watu wanasema mvivu huyu. Mpe kipande cha pilipili hoho kila siku, dania, na mara moja moja kijipande cha pera, pera lina vitamini C kushinda chungwa ila sukari yake ni nyingi. Matone ya vitamini kwenye maji hayasaidii sana, yanaharibika haraka. Mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu ya mawe ya kibofu. Vitunguu, viazi, parachichi, kisamvu kibichi, mkate, chapati na mabaki ya ugali, hapana kabisa.

Wiki za mwanzo

Usimshike siku ya kwanza. Najua watoto wanalia wanataka, waambie wakae kwenye mkeka wampe jani. Kila siku saa ile ile, sauti ile ile, jina lile lile. Wakati wa kumbeba ukifika, mkono mmoja chini ya kifua mwingine umbebe makalio, umlaze kifuani kwako, na mtoto ambebe akiwa ameketi chini tu, kuanguka kutoka urefu wa kiti kunavunja miguu. Fataki za Diwali na mwaka mpya, funga madirisha na umuongezee nyasi za kujifukia.

Sikiliza anavyosema. Mluzi wa juu ni furaha ya chakula. Kunguruma huku anatikisa nyonga ni kujionyesha, mara nyingi dume kwa jike ama mkubwa kwa mdogo. Kugonganisha meno ni onyo, muache. Kuruka ruka hewani ghafla na kujipinda, hapo jua amefurahi kwelikweli, na kwa yule aliyekuja na hofu, siku utakayomuona anaruka hivyo utaita nyumba nzima ije ione.

Mpime kwenye mizani ya jikoni kila wiki siku moja, andika. Wanaficha ugonjwa, na uzito ndio unaowasema kwanza. Asipokula kwa nusu siku mpeleke kwa daktari, usisubiri kesho kutwa, tumbo lao likisimama hurudi kwa shida. Na dawa za kemisti usiguse, amoksilini na penisilini za kumeza zinaua vijidudu vizuri vya tumboni na mnyama anakufa kwa dawa. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa kabla hata hujamleta mnyama, mpigie umuulize ashatibu ginipigi ama sungura, wengine watakwambia kwa uungwana kabisa hawajawahi, basi endelea kuuliza.

Kuwaunganisha

Peke yake hapana. Uswisi sheria inakataza tangu 2008 kufuga mmoja peke yake, na mie nakubaliana nayo. Sungura si mwenza, teke lake moja linavunja mbavu na anabeba vijidudu vinavyompa ginipigi nimonia. Majike wawili watatu huelewana, madume wawili pia wanaweza wakiwa na nafasi na pasiwe na jike karibu, watatu ni vurugu. Dume aliyehasiwa na jike ni wazuri sana pamoja, ila msubiri wiki sita baada ya kuhasiwa.

Hapo tena tabia ndio inaamua. Wababe wawili watapigana, waoga wawili wataogopeshana, mbabe na mpole ndio mara nyingi wanatulia. Mabuyu alipowekwa na Achari alijibanza, alipowekwa na Bibi akalala ubavuni kwake. Uliza anayewatoa kama kuna wawili walioshazoeana, uwachukue wote, usiwatenganishe. Kama unaleta mgeni, wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote, sebuleni kwa mfano, kwenye blanketi safi na lundo kubwa la nyasi katikati. Kukimbizana na kupandana kutakuwepo, usiingilie. Wakigonganisha meno wakiwa wamekabiliana na manyoya ya shingo yamesimama, watupie taulo katikati uwatenge, usitie mkono mtupu, utaumwa. Wakishindikana kabisa wagawie boma kwa waya mesh, waonane na wanusane bila kufikiana, chakula kila mmoja upande wake karibu na waya, alafu ujaribu tena baada ya wiki kadhaa.